Dayati Nne Mbele ya Sinia la Mamangu

Mwezi wa Rajabu mwaka uliopita nilipimwa presha katika zahanati moja hapa Mombasa. Daktari alirudia kipimo na kupata tena 152 juu ya 96, lakini hakuniandikia dawa papo hapo. Alinielekeza kwenye mizani iliyokuwa nyuma ya mlango, nayo ikasoma kilo 94. Urefu wangu ni mita 1.70, na ukizigawanya kilo hizo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe unapata 32 na ushei, ilhali Shirika la Afya Duniani huhesabu 25 kuwa mwanzo wa uzito uliozidi na 30 kuwa mwanzo wa unene wa kupindukia. "Punguza mwili, tuonane baada ya miezi mitatu," daktari alisema, na hakueleza nipunguze vipi, kwa kuwa foleni nje ilikuwa ndefu.

Mtu aliyeambiwa apunguze mwili hakosi walimu. Mimi ni mshika hesabu katika duka la vipuri vya magari huku Mwembe Tayari, na kabla wiki haijaisha kila aliyenizunguka alikuwa amenipa dayati yake. Keshia wetu alikuwa na ile ya kuacha wanga wote, dereva wa mizigo alikuwa na ile ya kula ndani ya saa nane tu, shemeji yangu alinitumia kwa simu ratiba ya supu ya kabeji ya siku saba, na mama mmoja auzaye udi na ubani jirani yetu alikuwa na pakiti za chai ya kusafisha tumbo. Kila mmoja alimjua mtu aliyepungua. Mwongozo wa kitaifa wa ulaji bora na mazoezi uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2017 hakuna aliyenitajia, na nakiri kwamba mimi mwenyewe sikujua kama upo mpaka nilipokwisha kushindwa mara mbili.

Nilipoupata nilifanya lile ninalolifanya dukani kila mwisho wa mwezi, ninapoweka taarifa ya benki upande huu na daftari letu upande ule nikatafuta mistari isiyolingana. Katika safu ya kwanza niliandika kile ambacho miongozo inataka. Wa Kenya unataka vyakula vya aina mbalimbali kila siku, mboga na matunda kwa wingi, na jamii ya kunde, mbaazi, pojo na maharagwe angalau mara nne kwa wiki, pamoja na mafuta, sukari na chumvi kwa uchache. Shirika la Afya Duniani linaongeza vipimo: mboga na matunda yasipungue gramu 400 kwa siku, nyuzinyuzi zisipungue gramu 25, chumvi isifike gramu 5, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima, na sukari ya kuongezwa isifike asilimia kumi ya kalori, yaani gramu 50 au vijiko 12 hivi kwa mtu anayekula kalori 2,000. Mafuta yote yasizidi asilimia 30 ya kalori, na yale yanayoganda, kama ya nyama, samli na nazi, yasizidi asilimia kumi. Katika safu ya pili niliandika kila dayati kwa zamu yake, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunifunukia.

Nianze na ya keshia, kwa sababu ndiyo niliyoifuata kwa moyo wote mwezi mzima wa Shaaban. Wengi huiita keto, na asili yake si urembo hata kidogo: mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, baada ya kuonekana kwamba kufunga kula hupunguza degedege na kutafutwa njia ya kuuweka mwili katika hali ileile bila kuushindisha na njaa. Kuacha wanga ili kupunguza mwili ni fikra kongwe zaidi. Mwaka 1863 William Banting, mwandalizi wa mazishi wa jijini London, alichapisha kijitabu akieleza alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Keto ya leo hukuruhusu wanga wa gramu 20 hadi 50 kwa siku, na kwa mtu wa Pwani maana yake ni kwamba wali umeondoka, chapati imeondoka, mahamri yameondoka, na mhogo, ndizi, viazi vitamu, maembe na mbaazi vyote vimefuata. Nilibaki na samaki, mayai, nyama, mchicha, parachichi na nazi.

Siku ya tisa mizani ilisema nimepungua kilo tatu na nusu, na nilitembea dukani kama bwana harusi. Sikuwa nimeelewa kwamba mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, takriban nusu kilo, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Mtu akiacha wanga akiba hutumika na maji hutoka nayo, kwa hiyo sehemu kubwa ya kile nilichokuwa nikikisherehekea kilikuwa kimekwenda msalani. Baada ya hapo kasi ilishuka, choo kilinikauka, na mdomo wangu ulipata harufu ambayo mke wangu, kwa heshima, aliivumilia siku nne kabla ya kuitaja.

Safu mbili za daftari langu zilitofautiana katika mistari mingi. Mwongozo unataka mbaazi mara nne kwa wiki, keto inazifukuza. Mwongozo unataka matunda kila siku, keto inaogopa embe kama nyoka. Na nyuzinyuzi gramu 25 ni nyingi mno kwa mtu asiyekula nafaka, kunde wala matunda, hata akila mchicha asubuhi na jioni. Mstari mzito kuliko yote ni wa mafuta. Wafuasi wa keto hapa mjini hufurahi kwamba nazi imeruhusiwa, nami niliipika kila kitu kwa tui, lakini sehemu kubwa sana ya mafuta ya nazi ni ya aina inayoganda, na asilimia kumi ya kalori 2,000 ni gramu 22 tu za mafuta hayo. Kikombe kimoja cha tui zito kinaupita mpaka huo, na mimi nilikuwa na presha. Bibi zetu walipika kwa nazi miaka yao yote, hilo najua. Lakini tui lao lilitiwa katika mhogo, mbaazi na mboga, na walitwanga na kuteka maji wenyewe, nami naketi saa tisa mbele ya kompyuta.

Haki ya keto niitoe pia. Mwezi ule sikunywa soda, sikutia sukari katika chai, na sikununua viazi karai njiani, na hakuna mwongozo duniani ambao ungenilaumu kwa hayo.

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani, na pamoja nao dayati ya dereva ikaja yenyewe. Kanuni yake ni kufunga saa 16 na kula ndani ya saa nane, na wengine hufunga siku mbili katika wiki, jambo ambalo mtu anayefunga Jumatatu na Alhamisi kwa ajili ya sunna hahitaji kufundishwa na mtu wa mtandaoni. Mombasa iko digrii nne kusini mwa ikweta, kwa hiyo saumu yetu haibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Ni saa 13 na nusu hivi kutoka alfajiri hadi magharibi. Ingekuwa kufunga peke yake kunapunguza mwili, basi kila Idi ingetukuta tumepwaya ndani ya kanzu zetu. Lakini kila anayeijua futari ya Mombasa anajua kinachotokea adhana ikiisha: tende na uji, halafu sambusa, bhajia, kaimati zilizoogeshwa shira, tambi za sukari, viazi vya nazi, ndizi za nazi, na baada ya tarawehe mtu hupita tena jikoni kana kwamba hakuna kilichotokea. Idi ilinikuta na kilo 93. Mwezi mzima wa kuacha wanga na mwezi mzima wa kufunga vilinipunguzia kilo moja.

Si kwamba kufunga hakuna faida. Mwaka 2022 watafiti wa Guangzhou, China, walichapisha matokeo ya watu 139 wenye unene wa kupindukia waliofuatiliwa mwaka mzima, wote wakipunguziwa kalori, ila nusu yao walitakiwa wale kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri. Waliobanwa na saa walipungua kilo 8.0 kwa wastani na wengine kilo 6.3, tofauti ambayo kwa hesabu za kitaalamu haikutosha kusema kwamba saa ndizo zilizoleta jambo. Kilichopunguza ni kile kilichoingia mdomoni. Katika daftari langu dayati hii haikugongana na mwongozo mahali popote, kwa sababu upande wake wa chakula ni mtupu kabisa: inakwambia ule lini, haikwambii ule nini. Mtu ambaye saa zinamsaidia asichungulie jikoni usiku azitumie, ila mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asijaribu kabla ya kuzungumza na daktari wake, maana sukari inaweza kushuka ghafla akiwa peke yake.

Supu ya kabeji sitaikawilisha. Ni maji, kabeji, nyanya na vitunguu kwa wiki nzima, haina protini ya kutosha, na mtu anayekula hivyo lazima apungue na lazima arudie, kwa kuwa hakuna mwenye nia ya kula kabeji mpaka uzeeni. Chai ya kusafisha tumbo niliinywa siku mbili. Nilipoyasoma maandishi madogo nyuma ya pakiti niliona kwamba kiungo chake cha kwanza ni sanamaki, yaani majani yaleyale ambayo nyanya yangu alikuwa akituchemshia tulipofunga choo, akituuliza kesho yake kama tumepata nafuu. Yeye hakuyaita dayati, wala hakuyauza kwa bei ya kuku mzima. Yanatoa maji na kilichomo tumboni. Mafuta ya kiunoni hayaendi popote. Siki ya tufaha nayo ilivuma kwa sababu ya utafiti wa Lebanon uliochapishwa mwaka 2024, lakini mwaka 2025 jarida lililouchapisha liliuondoa baada ya takwimu zake kutiliwa shaka, na habari hiyo ya pili haikunifikia kwa simu hata mara moja.

Nilirudi kwa daktari mwezi wa Shawwal nikiwa na kilo zangu 93 na presha ileile, na safari hii alinielekeza kwa mtaalamu wa lishe, mwanamke wa makamo ambaye hakunikataza chochote kwa nusu saa nzima. Alinitaka nimtajie nilichokunywa jana. Nilitaja vikombe vitano vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, na soda moja ya nusu lita. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu nne, kwa hiyo chai peke yake ilikuwa gramu 60, na soda ya nusu lita ina gramu 50 hivi. Nilikuwa nikinywa gramu 110 za sukari kabla sijatia tonge kinywani, zaidi ya mara mbili ya mpaka, na kalori zake ni 440. Ninafunga hesabu za duka kila mwezi na sijawahi kuona hasara iliyokaa wazi namna hiyo. Nilimuuliza kama ninywe soda zisizo na sukari, naye akanieleza kwamba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitamu mbadala kwa ajili ya kupunguza uzito, kwa sababu havioneshi faida ya muda mrefu.

Yeye ndiye aliyenipa pia habari ya utafiti ulionitoa wasiwasi kuhusu wali. Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha mwaka 2018 matokeo ya watu 609 waliogawanywa makundi mawili kwa mwaka mmoja, kundi la kula wanga kidogo na kundi la kula mafuta kidogo. La kwanza lilipungua kilo 6.0 kwa wastani na la pili kilo 5.3, na tofauti hiyo haikuwa na uzito kitaalamu. Ila makundi yote mawili yalikuwa yameambiwa maneno mamoja: mle mboga kwa wingi, mpunguze sukari na unga uliokobolewa, mpike nyumbani. Nilipolitazama tena daftari langu niliona kwamba mistari hiyo mitatu ndiyo pekee ambayo karibu kila dayati niliyoletewa ililingana nayo, na ndiyo iliyokuwa imenipunguzia chochote kile nilichopungua. Vyote vingine, marufuku ya embe na ya mbaazi na ya kula baada ya saa kumi, vilikuwa nakshi za mlango.

Kwa mwenye presha kama mimi kuna ulaji mwingine ambao hauvumi, nadhani kwa sababu hauahidi kilo kumi kwa mwezi. Unaitwa DASH, ulichapishwa Marekani mwaka 1997, na kwa asili hata si wa kupunguza uzito. Washiriki walizuiwa wasipungue ili presha ipimwe peke yake. Ni matunda, mboga, maziwa yasiyo na mafuta mengi, nafaka zisizokobolewa, samaki, kuku na kunde, na kwa waliokuwa na presha kipimo cha juu kilishuka kwa pointi 11 zaidi ya wale waliokula kawaida. Ulaji wa watu wa Bahari ya Kati unafanana nao, na wakati mwingine huwa nacheka ninapoona watu wa hapa wakinunua mafuta ya zeituni kwa bei ya kuumiza ili wale kama wavuvi wa Ugiriki, na hali soko la Kongowea limejaa mchicha, mnavu, bamia, kunde na mapapai, na wavuvi wetu wanashusha vibua na changu kila asubuhi.

Miongozo nayo ina upungufu wake, na hapa ndipo nilipohangaika kuliko kwenye dayati yoyote. Mchoro maarufu wa sahani uliotolewa na Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2011 umegawanya nusu kwa mboga na matunda, robo kwa nafaka nzima na robo kwa protini. Ni mchoro mzuri, lakini ni sahani ya mtu mmoja. Ijumaa baada ya sala sisi hula kwa mamangu huko Kuze, watu watano kwenye sinia moja la wali wa nazi, mchuzi wa samaki katikati, na kachumbari kidogo pembeni ya kutafutia hamu. Nusu ya sinia ni ipi, na robo yangu inaanzia wapi? Mkono wa jirani unasogea, mama anakusukumia mnofu mbele yako kwa sababu amekuona umekonda, na hakuna anayejua nani amekula kiasi gani, wala si adabu kujua. Kuomba sahani yangu peke yangu nilijaribu mara moja. Mama aliuliza, "Kwani mwanangu una kifua kikuu?" na shauri likaishia hapo.

Suluhisho halikutoka kwenye mwongozo bali kwa mke wangu. Alianza kuja na bakuli kubwa la mchicha uliokaangwa kwa kitunguu na mafuta ya kijiko kimoja, pamoja na kachumbari ya kutosha watu wote, akaliweka kwenye sinia lenyewe ili lichukue nafasi ya wali. Mimi kwa upande wangu nilirudia adabu tuliyofunzwa utotoni ya kula kilicho mbele yako, nikawa natazama eneo langu kama shamba lenye mipaka: nalijaza mboga kwanza, kisha ninahesabu matonge ya wali kimoyomoyo mpaka 12. Ni hesabu ya kienyeji na haina gramu ndani yake, lakini inafanya kazi kwenye sinia, ambapo mizani ya jikoni ingekuwa kichekesho.

Siku nyingine ninakunywa chai ya sturungi yenye tangawizi, kwanza kwa kijiko kimoja na sasa bila sukari. Soda imebaki ya harusini. Mahamri ninakula Jumapili, mawili, kwa mbaazi ambazo tui lake ni la pili, lile jepesi. Asubuhi nikishuka feri kutoka Likoni sipandi tena matatu, natembea hadi Mwembe Tayari kwa dakika 40 hivi, ambazo kwa siku tano zinapita zile dakika 150 za wiki zinazopendekezwa kwa mtu mzima, na kwa jua la Mombasa ninafika dukani nikiwa na shati la akiba mfukoni. Nilipungua kilo saba katika miezi minane, wiki nyingine bila kupungua hata gramu, na presha ya mwisho kupimwa ilikuwa 134 juu ya 86. Keshia wetu amerudi kwenye keto kwa mara ya tatu na anasema safari hii ni tofauti.

Jambo ambalo bado halijamalizika ni tui. Nilimwomba mama apunguze tui la kwanza kwenye wali, nikamweleza habari za gramu 22, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba wali usio na tui la kwanza ni wali wa hospitali na yeye hajalazwa. Ijumaa iliyopita alipika pojo badala ya nyama, jambo ambalo sikuwa nimelitarajia, nikamshukuru kwa dhati. Nilipotia tonge la kwanza mdomoni nilitambua kwamba tui lote lililotolewa kwenye wali lilikuwa limehamia humo.